Miji Iliyoelekea Bahari

Safari ya kutoka Endebess hadi pwani humla mtu mchana wake na usiku wake. Unateremkia Kitale, unapita Eldoret na Nakuru, Nairobi unapanda treni, na Mombasa unashukia Miritini, mbali na maji. Gari linakuvusha Makupa, linakuzungusha mjini, na Ngome ya Yesu unaiona kwanza kwa upande wake wa nchi kavu, penye lango la kukatia tiketi. Wengi wetu wa bara tunaijua pwani hivyo, na kuijua hivyo ni kuingia kwa uani. Nyumba ya Mswahili ina baraza mbele na ua nyuma, na mgeni wa heshima hapitishwi uani. Baraza la miji hii ya kale lilikuwa bahari. Walioijenga walitaka mgeni awaone angali chomboni, atazame misikiti na kuta zilizopakwa chokaa, ajue amefika kwa watu. Namsihi basi msomaji wa sura hii, hata kama ameshaizuru pwani, aizuru tena, na mara hii aende kwa chombo.

Tuanze na hiyo hiyo Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Ukiipitia kwa mashua kwenye mlango wa Bandari ya Kale, unaona ukuta ukiinuka moja kwa moja kutoka kwenye mwamba wa matumbawe, nawe uko palepale ambapo mizinga ilielekezwa. Hakuna chombo kilichoingia bandarini bila kupita chini yake. Waomani walipoizingira mwaka 1696, waliokuwa ndani walishikilia karibu miaka mitatu, hadi Desemba 1698, kwa kuwa msaada ulikuwa bado unawafikia kwa njia ya maji. Ndani ya ngome kuna Njia ya Matao, iliyokatwa katika mwamba ikashuka hadi ufukoni. Mtalii aliyeingia langoni huiona kama shimo la giza lililo pembeni. Aliye majini anaiona kuwa mlango. Meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na wanaakiolojia waliichunguza chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Vitu walivyoviibua vimo katika makumbusho ya humo ngomeni.

Huenda mtu wa Mlima Elgon akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Ndovu wetu wanaoingia pango la Kitum usiku kukwangua chumvi ukutani ni wa ukoo uliowindwa kwa ajili ya bahari. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili wa Mombasa na Pangani ilifika huku kutafuta pembe. Kituo chao kikubwa kilikuwa Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, na Uislamu uliobaki pale hadi sasa uliletwa na njia hiyo. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika Kwa Sundu mwaka 1883 na kuyaona mapango ya Elgon, hakuigundua njia yoyote. Sehemu kubwa ya safari aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua nchi hizi kabla yake. Pembe iliyotoka vichakani kwetu ilibebwa mabegani miezi mizima, ikafika pwani, ikapakiwa chomboni. Mtu wa Trans Nzoia anayesimama kwenye gati la mji wa kale amesimama mwisho wa njia iliyoanzia kwao.

Na biashara yenyewe ni ya kale kupita kiasi cha kawaida. Katika karne ya 1, baharia mmoja mfanyabiashara wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaojulikana kama Periplus. Pwani yetu aliiita Azania. Alitaja pembe za ndovu na za vifaru, akataja magamba ya kasa, akataja na vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Vyombo vya namna hiyo, mitepe, viliendelea kuundwa katika visiwa vya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Watu waliotuandika kwa mara ya kwanza, kwa hiyo, walituona kutoka majini, na walituandika kwa lugha ya Ugiriki.

Wagiriki wenyewe leo wanaishi kwa kuwaonyesha wageni nchi yao kwa njia hiyo hiyo. Hekalu la Poseidoni pale Sounion, lililojengwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo, liko juu ya jabali ili baharia anayerudi Athens alione mapema. Delos, kisiwa kilichodaiwa kuwa mahali alipozaliwa Apollo, hakifikiki ila kwa boti, na mgeni haruhusiwi kulala huko. Mamilioni ya watu huvuka dunia kuyaona haya, na wanafanya vyema. Lakini bahari yao ina jambo moja linaloirahisisha mno: maji ya Mediterania hayapwi wala kujaa kwa kiasi cha kumsumbua msafiri. Boti ya Piraeus, bandari ya Athens, huondoka kwa saa ya ukutani.

Kwetu saa ni mwezi. Maji ya pwani ya Kenya hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana. Bamvua hujaa majira ya saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50, hata mwezi ukifika nusu yanajaa asubuhi karibu na saa nne au saa tano. Anayetaka kuzuru magofu kwa chombo na aanze kwa kutazama mbingu, ndipo akate tiketi ya basi. Akipuuza hilo atakuta mahali alipotarajia bahari pana tope na kaa, na nahodha ameketi kivulini anasubiri.

Kisha kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ikiwa na adabu na jua kali. Kusi huingia Aprili, na kati ya Juni na Agosti mawimbi ya nje ya miamba si ya kuchezea. Ndani ya mikondo ya mikoko unaweza kusafiri mwaka mzima, lakini kwa safari za kutoka kisiwa hadi kisiwa ningemshauri mtu wa bara aende wakati wa kaskazi, hasa ikiwa hajawahi kupanda chombo.

Nitaipita haraka pwani iliyo kati ya Mombasa na Malindi, si kwa kuidharau. Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mtwapa, ni mji wa karne ya 14 ulioachwa katika karne ya 15. Msikiti wake mzuri kuliko yote umejengwa kando ya maji kabisa, hivi kwamba wimbi la bamvua husikika ndani. Mnarani, Kilifi, uko juu ya jabali la hori. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991 kila msafiri wa Malindi alivuka kwa feri chini ya jabali hilo, na leo tunapita darajani kwa kasi bila kugeuza shingo. Kodi mtumbwi wa wavuvi, nenda katikati ya hori, tazama juu. Gedi sitaieleza hapa. Ni mji mkubwa, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini uko msituni, kilomita kadhaa kutoka ufukoni. Kwa nini watu wa pwani walijenga mji mkubwa hivyo mbali na maji ni swali ambalo wataalamu hawajalimaliza, na linanivuta kwa kuwa linaipinga hoja yangu yote.

Visiwa vya Lamu ndiko ningempeleka mtu mwenye safari moja tu mkononi. Barabara inaishia Mokowe. Hapo huna hiari tena, lazima upande boti, na baada ya nusu saa hivi Mji wa Lamu unajitokeza wote kwa pamoja, umejipanga ukingoni mwa maji kwa urefu wake. Zamani ngome yake, iliyoanza kujengwa karibu mwaka 1813 na kumalizika 1821, ilikuwa karibu na maji. Ufuo ulijazwa baadaye, nyumba zikajengwa mbele yake, ndiyo maana leo inaonekana imejificha. Sababu ya kujengwa kwake iko umbali wa mwendo mfupi kwa mashua, kwenye ufuko wa Shela. Watu wa Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishuka pale kuivamia Lamu. Masimulizi ya Lamu yanasema walipozidiwa wakakimbilia vyombo vyao, walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Wengi waliuawa palepale. Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na historia ya pwani yote ikageuka. Mtu akikuuliza kama kupwa na kujaa ni mambo ya wavuvi tu, mpeleke Shela.

Kutoka Shela unavuka mkondo hadi Manda kwenda Takwa. Ni safari fupi na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chombo kinaingia kwenye hori linaloikata Manda karibu vipande viwili. Mikoko inakaribia pande zote mbili, tanga linakunjwa, nahodha anachukua pondo na kusukuma. Maji hapa ni ya rangi ya chai, na yakipwa hori hubaki tope tupu, kwa hiyo unaingia yakijaa na kutoka kabla hayajakuacha. Hakuna dalili ya mji hata unapokaribia kabisa. Kisha pana ngazi, njia ya mchanga, na ukuta.

Takwa ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Msikiti wake mkuu una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo lisilo la kawaida, na wapo wanaodhani kuna mtu mkubwa aliyezikwa chini yake. Karibu nyumba zote zimegeuza milango upande wa kaskazini, kuelekea Makka. Gusa ukuta: chokaa ingali laini kiganjani, na penye ufa unaona jiwe la matumbawe lenyewe, lenye vitundu vya wadudu wa baharini walioliumba. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya mwishoni mwa karne ya 17. Takwa ulipohamwa, watu wake walivuka wakajenga Shela, na hawakulisahau kaburi hilo. Watu wa Shela wamekuwa wakirudi kwa vyombo kufanya ziara na kuomba mvua. Wanaakiolojia huliita gofu, lakini kwa watu wa Shela ni kwa wazee wao. Vua viatu unapoambiwa uvue, na usipande ukutani kupiga picha.

Panda sasa hadi nyuma ya magofu, upande wa machweo ukiwa mgongoni, na baada ya matuta ya mchanga unakutana na bahari kuu ikipiga. Hapo ndipo mpango wa mji unapoeleweka. Mlango wao waliuweka kwenye hori tulivu ambalo mgeni asiyejua maji hawezi kulipita, na bahari wazi wakaipa mgongo. Mgeni wao alikuwa yule anayeongozwa na mwenyeji.

Kwenda Pate kunataka muda. Boti za abiria zinapitia Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, nao pia una saa zake. Nilipoupita boti ilikuwa na mifuko ya unga, kreti za soda, godoro jipya lililofungwa nailoni, na mama mmoja aliyempakata mtoto huku akimwelekeza kijana wa injini mahali penye fungu la mchanga. Mama huyo aliijua njia kuliko kijana. Injini ilipunguzwa hadi ikawa inanong'ona, pondo likapima kina, mizizi ya mikoko ikapita karibu kiasi cha kushikika. Ukitoka Mkanda unaiona ghuba ya Manda, na upande wa bara winchi kubwa za Bandari ya Lamu, iliyopokea meli yake ya kwanza Mei 2021. Upande wa pili, kaskazini ya kisiwa cha Manda, yako mabaki ya mji ulioanza katika karne ya 9, wenye kuta za bahari zilizojengwa kwa vipande vya matumbawe vizito ajabu. Bandari mpya na bandari ya miaka elfu moja na zaidi zinatazamana, na katikati yake wavuvi wanatafuta riziki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi hao walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi. Ninaamini haki yao ni sehemu ya urithi huu sawa na kuta zenyewe.

Boti inashusha watu Mtangawanda. Mji wa Pate, makao ya masultani wa Nabahani, leo ni kijiji kilichokaa kando ya magofu yake, na ndani ya magofu watu wanapanda tumbaku. Waliosoma Al-Inkishafi shuleni watakumbuka kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga kwa kuyatazama majumba haya yalipokuwa yanaanguka. Siyu, upande wa pili wa kisiwa, ina ngome iliyo kichwani mwa hori la mikoko lisilopitika na meli kubwa, na ndiyo sababu moja Siyu, chini ya mtawala wake Bwana Mataka, iliweza kulishinda jeshi la Seyyid Said katika miaka ya 1840. Mke wa Bwana Mataka, Mwana Kupona, aliutunga utendi wake wa mawaidha kwa binti yake mwaka 1858. Sijui mtaala unaotueleza kwamba utendi huo ulitungwa na mke wa kiongozi aliyepigana na Seyyid Said, na inafaa wanafunzi wetu wa Kitale wajue.

Shanga iko kusini ya Siyu, na ndiyo inayostahili jasho. Mark Horton na wenzake waliichimba katika miaka ya 1980, na chini ya Msikiti wa Ijumaa wa mawe wakakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, hadi wakafikia alama za vijiti vya kibanda kidogo cha sala cha karne ya 8. Waliokuwa wakiswali mle walijenga tena palepale kila jengo lilipochakaa, kutoka miti hadi udongo hadi matumbawe. Nadharia ya zamani kwamba miji hii ililetwa ikiwa kamili kutoka Uarabuni au Uajemi ilipata pigo hapo, maana mji unaonekana ukikua kutoka kijiji cha wenyeji, hatua kwa hatua.

Msomaji mwenye pasi ya kusafiria aendelee kusini hadi Kilwa, Tanzania. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Hapo unapata kibali katika ofisi ya mambo ya kale, kisha dau linakuvusha hadi Kilwa Kisiwani, kilomita kama 2. Gereza ndilo linalokupokea ufukoni: Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505 walipouteka mji, na Waomani wakaijenga upya baadaye. Nyuma yake uko Msikiti Mkuu, wenye sehemu ya karne ya 11 na upanuzi wa karne ya 14 wa matao na kuba, ambao ndani yake sauti ya mtu hutulia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa.

Husuni Kubwa usiiendee kwa miguu kutoka mjini kama wafanyavyo wengi. Mwombe nahodha akuzungushe kwa maji hadi chini ya jabali. Kasri liko juu, na ngazi zinateremka kuelekea majini. Ndivyo alivyopanda mgeni wa sultani, akafikia nyua moja baada ya nyingine na birika la kuogelea la pembe nane. Dhahabu ya Sofala ndiyo iliyolipa gharama hizo, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ziliwekwa kwenye orodha ya hatari, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yanakula kingo na kuta zinabomoka, na mwaka 2014 zikatolewa humo baada ya kazi kubwa ya kuzihifadhi ambayo wenyeji waliishiriki. Kwenda Songo Mnara tenga siku nzima. Utashuka ndani ya mikoko, maji yakiwa magotini, kwa hiyo vaa kandambili za kufunga na viatu vitie mfukoni. Nyumba zake za karne ya 15 zina vyumba vingi kuliko za Takwa, na nyingi zimesimama hadi kimo cha dari.

Patana nauli na nahodha kabla ya kupanda, kwa chombo kizima na kwa muda wa kusubiri, usije ukabishana naye mkiwa kisiwani. Taka jaketi za uokoaji kwa kila mtu na uzivae, hata kama mabaharia hawazivai. Beba maji ya kunywa ya siku nzima, kofia, na mfuko wa plastiki wa simu. Kwa Lamu, ulizia hali ya usalama wa barabara ya Garsen kabla ya kuondoka, na uamini neno la watu wa Mokowe kuliko la mtu wa Nairobi. Na ikiwa unapeleka wanafunzi kutoka huku kwetu, wapeleke Desemba, wiki ya mwezi wa nusu, ili waingie Takwa saa nne asubuhi maji yakiwa yamejaa, nao wawahi kurudi Shela kwa chakula cha mchana.